Bakuli la Kwanza Lisilopasuka: Mwongozo Kamili wa Ufinyanzi kwa Mtu wa Ratiba

Kuna watu ambao hata mapumziko wanayapangia saa. Bili zimelipwa kabla ya tarehe, nguo za kesho zimepigwa pasi tangu jana, na kazi iliyowashinda wenzao huishia mezani kwao. Watu wa aina hii huvutiwa sana na ufinyanzi, na wana haki: una hatua, una kanuni, na mwisho wake kuna kitu cha kushika mkononi. Lakini malalamiko yao ni yaleyale mawili. La kwanza, bakuli limepasuka. La pili, sikupumzika hata kidogo, nimeinuka nimechoka kuliko nilivyokaa.

Yote mawili yana chanzo kimoja. Wameupelekea udongo mwendo wa ofisini: kuharakisha ili tarehe itimie, kulainisha hadi pasiwe na doa, kutengeneza sita kwa mkupuo kwa sababu moja linaonekana ni uvivu. Udongo una ratiba yake na haujadiliani na mtu.

Mwongozo huu unakupeleka hadi kwenye bakuli moja dogo la kufinya kwa mkono, bila gurudumu, litakalotoka kwenye moto likiwa zima. Nidhamu yako itahitajika sana, hasa kwenye kukanda, kukausha na kuandika kumbukumbu. Kwenye umbo la bakuli, iache kando.

## Vitu vya kuandaa

Udongo wa mfinyanzi, kilo 2 hadi 5. Nunua ulioandaliwa tayari na kufungwa kwenye plastiki. Omba wenye chenga za vigae vilivyosagwa. Chenga hizo hupunguza kusinyaa, huupa maji njia ya kutoka, na huvumilia makosa ya mkono mgeni. Udongo laini kama siagi unapendeza kushika lakini hausamehe.

Ubao na kitambaa kizito. Turubai au pamba nene, isiyotiwa nta. Juu ya meza tupu udongo utanata.

Uzi wa kukatia. Nailoni ya kuvulia samaki yenye urefu wa mkono, kila ncha ikifungwa kwenye kijiti.

Sponji ndogo na kikombe cha maji. Kikombe, si beseni. Maji yakiwa mengi karibu nawe utayatumia.

Uma wa zamani, kisu butu, kijiko cha mbao, sindano ndefu na kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake. Hiyo kadi ndiyo kifaa bora cha kusawazishia ubavu wa bakuli.

Mifuko miwili mitatu ya plastiki isiyo na matundu, mizani ya jikoni, rula, na daftari lenye penseli. Kalamu ya wino huharibika mapema ikishikwa na vidole vyenye tope.

Usinunue gurudumu. Linadai mazoezi mengi kabla halijakupa kitu chochote, na mtu asiyependa kushindwa atalichukia kabla halijaanza kumpendeza. Usinunue pia seti ya zana kumi na mbili. Najua seti kamili inavyovutia jicho la mtu wa mpangilio, lakini zana tisa kati ya hizo zitabaki kwenye kasha.

## Kabla ya yote: nani atakuchomea?

Hili ndilo swali ambalo watu hulikumbuka wakiwa tayari na mabakuli manne makavu dirishani. Chungu kisichochomwa ni udongo tu, na kikilowa maji kitarudi kuwa tope.

Tafuta tanuri kwanza: karakana ya ufinyanzi, chuo chenye idara ya sanaa, au mfinyanzi anayepokea kazi za watu. Muulize mambo matatu: anachoma hadi nyuzijoto ngapi, anapokea udongo wa aina gani, na kazi inatakiwa imfikie ikiwa katika hali gani.

Majibu hayo ndiyo yakuchagulie udongo. Udongo mwekundu wa kawaida huchomwa kati ya nyuzi 1,000 na 1,150 hivi. Udongo wa mawe, ule mgumu zaidi, huhitaji 1,200 hadi 1,300. Ukiupeleka udongo mwekundu kwenye moto wa udongo wa mawe, utavimba au kuyeyuka na kuharibu rafu za tanuri la mwenzio. Soma pakiti, andika joto lake daftarini, mpelekee mwenye tanuri taarifa hiyo pamoja na bakuli.

Kama tanuri halipatikani kabisa, upo udongo unaokauka na kuwa mgumu hewani. Hatua nyingi za hapa chini zitakufaa bado, ila vyombo vyake ni vya mapambo: usivitie chakula, usivitie maji, wala usivitie motoni. Na usiuchanganye na udongo wa kuchoma.

## Hatua ya 1: Tenga muda, usitenge idadi

Weka saa moja na nusu. Andika muda wa kuanza na wa kumaliza kama ulivyozoea, lakini usiandike utatengeneza nini au vingapi. Muda ukiisha, funika kazi yako na uondoke, hata kama bakuli liko nusu.

Sababu yake ni ya kiufundi kuliko inavyosikika. Udongo unaoshikwa mno hupoteza maji kwenye joto la mikono, huchoka, na huanza kufanya nyufa ndogondogo. Mtu anayepania kumaliza huuongezea maji ili aendelee, na hapo ndipo ajali ya wiki ijayo inapotengenezwa.

Vua pete na bangili, kata kucha, weka simu chumba kingine. Baada ya dakika tano mikono itakuwa na tope kiasi kwamba hata ikiita hutaweza kuishika. Kwa watu wengi wenye majukumu, hiyo pekee ni nusu ya pumziko.

## Hatua ya 2: Kanda hadi udongo uwe kitu kimoja

Kata donge la gramu 400 kwa uzi. Lipime, andika. Kipimo hiki kinajaa vizuri kwenye viganja viwili na kinatosha bakuli dogo.

Liweke juu ya kitambaa. Sukuma kwa kitako cha kiganja, mbele na chini kidogo, kisha liinue, ligeuze robo, sukuma tena. Tumia uzito wa mwili, sio nguvu za mikono. Ukisimama badala ya kukaa utaona tofauti. Usilikunje kama unavyokunja nguo, maana kila mkunjo unafungia hewa ndani. Endelea dakika tano hadi nane.

Tunakanda kwa sababu udongo wa kwenye mfuko haulingani: pembeni umekauka kuliko katikati. Sehemu mbili zenye maji tofauti husinyaa tofauti, na pale zinapokutana ndipo panapopasuka.

Hapa pana imani moja inayotisha wanaoanza bure: kwamba kiputo cha hewa hulipua chungu tanurini. Hewa peke yake hailipui. Kinacholipua ni maji yaliyobaki ndani ya udongo, ambayo yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Kiputo bado ni kibaya, kwa sababu hudhoofisha ubavu na hukusumbua wakati wa kufinya, lakini usikose usingizi kwa ajili yake. Ukose usingizi kwa ajili ya unyevu.

Umefanikiwa ukikata donge katikati kwa uzi na kuona uso wenye rangi moja, bila matundu. Jaribio la pili: sokota kipande kiwe kamba ya unene wa kidole kidogo, kizungushe kwenye kidole. Kikipinda bila kuchanika, endelea. Kikichanika sana, udongo ni mkavu. Lowesha viganja na ukande tena. Ukinata mikononi, utandaze kwenye kitambaa kikavu kwa dakika kumi.

## Hatua ya 3: Finya kutoka kitakoni kwenda mdomoni

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo inayopumzisha ukiiruhusu.

Lipigepige donge kati ya viganja hadi liwe tufe. Lishike kwa mkono wa kushoto (au wa kulia kama ni mashoto). Zamisha dole gumba katikati, taratibu, huku ukizungusha, hadi libaki kama sentimita moja kufika chini. Utaisikia sakafu ya bakuli kwa kidole cha mkono unaoshikilia: shinikizo la dole gumba linaanza kugusa kiganja cha upande wa pili. Simama hapo.

Sasa dole gumba likiwa ndani na vidole viwili vikiwa nje, finya kidogo, zungusha kwa upana wa kidole, finya, zungusha. Anzia chini kabisa, kwenye kona ambako kitako kinageuka kuwa ubavu. Zunguka mduara mzima, ndipo upande juu kwa upana wa kidole kimoja. Kila mfinyo uwe sawa na uliotangulia.

Wengi huanzia mdomoni kwa kuwa ndipo panapofikika. Matokeo yake mdomo unakuwa mwembamba, unakauka, unafunguka nje kama sahani, na chini linabaki bonge zito. Bonge hilo likija kukauka siku tano baada ya mdomo, litauvuta hadi upasuke. Mdomo uache mnene kuliko unavyotaka hadi raundi ya mwisho.

Lenga unene wa milimita 6 hadi 8, unaolingana na penseli. Ukiwa na shaka, choma sindano kutoka nje hadi uhisi ncha kwa kidole cha ndani, weka ukucha pale ilipoingilia, ichomoe, pima. Tundu utaliziba kwa kidole. Unene kamili si hoja kubwa. Hoja ni unene ulio *sawa*.

Mambo matatu yatatokea, na yote yana dawa:

*Mdomo unaanza kuonyesha nyufa ndogo.* Usikimbilie maji. Shika mdomo kati ya vidole viwili huku kidole cha tatu kikikandamiza kutoka juu, uzungushe polepole. Nyufa zitajifunga. Zikigoma, lowesha ncha ya kidole kimoja tu, upitishe mara moja.

*Bakuli linafunguka na kulegea.* Udongo umechoka. Ligeuze, lisimame kwa mdomo juu ya kitambaa kwa dakika kumi na tano. Halafu likumbatie kwa viganja viwili na kulikusanya ndani. Hizi dakika kumi na tano ni za kukaa. Usianzishe bakuli jingine.

*Upande mmoja umekuwa juu kuliko mwingine.* Weka rula au kisu mahali pamoja kwenye urefu wa upande mfupi, zungusha bakuli, kata. Au uache. Mimi ningeuacha.

Na sasa kanuni kwa ajili ya wale wasioweza kuacha kitu kikiwa karibu sawa. Bakuli likishapata unene sawa, una ruhusa ya raundi tatu za kusawazisha: moja ndani kwa mgongo wa kijiko, moja nje kwa kadi, moja ya mdomo kwa kidole. Baada ya hapo weka chini. Alama za vidole zitakazobaki hazidhuru chochote, ila kila raundi ya ziada yenye maji hulainisha ngozi ya juu, huosha chembe laini na kuacha uso usiolingana na ndani. Mabakuli yanayosuguliwa sana hupasuka zaidi ya yaliyoachwa na makovu. Hilo mtu makini hulikubali kwa shida.

Mwisho wa hatua hii, bakuli linasimama lenyewe, ukilizungusha kati ya vidole viwili husikii bonge popote, na kikombe chako cha maji bado kimejaa.

## Hatua ya 4: Subiri ugumu wa ngozi, kisha malizia

Lifunike bakuli kwa plastiki kwa ulegevu, ukiacha mwanya mdogo. Baada ya nusu siku hadi siku moja, kutegemea hewa ya ulipo, litafika kwenye hali iliyo bora kuliko zote: limekaza kama ngozi ya mkanda, lakini bado lina ubaridi na unyevu ndani. Ukucha unaacha alama. Kidole kikibonyeza, umbo halibadiliki.

Wahenga walisema udongo upatize ungali maji. Kwa kufinya ni kweli tupu. Kwa kumalizia, subiri maji yapungue kwanza, la sivyo kila unachogusa kitabonyea.

Katika hali hii fanya mambo manne. Geuza bakuli, paruza kitako kwa kisu hadi kiwe sawa na kisiyumbe. Pitisha kidole kwenye mdomo uondoe ncha kali, maana ukishachomwa ukingo mkali hukata midomo. Chora pambo ukipenda. Na chini yake andika kwa sindano herufi zako, tarehe, na uzito wa mwanzo. Tanurini vyombo vya watu huchanganyika.

Ukitaka kuongeza kiguu au kishikio, sokota kamba ya udongo kutoka kwenye donge lilelile. Iache nayo ikauke kidogo ili unyevu wake ukaribie ule wa bakuli. Chanja pande zote mbili kwa uma, mistari ya kukatizana. Paka uji wa udongo, yaani udongo uleule ulioyeyushwa kwenye maji hadi uwe mzito. Kandamiza huku ukitikisa kidogo hadi uhisi umeshika, kisha futa uji uliotoka pembeni. Kubandika bila kuchanja kutaonekana kumeshika leo. Wiki ijayo kishikio kitadondoka chenyewe mezani.

Bakuli lako la kwanza lakini? Liache bila kishikio.

## Hatua ya 5: Kausha polepole kuliko unavyodhani

Ukisoma hatua moja tu kwa makini, iwe hii. Mabakuli mengi yanayolaumiwa tanuri yalikuwa yamekwisha kufa kwenye kabati.

Udongo ulioandaliwa hubeba maji kama moja ya tano hadi robo ya uzito wake. Maji hayo yakitoka, chembe zinasogeleana na chombo kinasinyaa, mara nyingi kwa asilimia 5 hadi 8. Kusinyaa hakuna ubaya. Ubaya ni sehemu moja kusinyaa huku nyingine haijaanza. Mdomo unaopigwa na hewa pande mbili hukauka kwanza. Kitako kilichokalia ubao hukauka mwisho. Ndiyo maana nyufa karibu zote ni za aina mbili: unaoshuka kutoka mdomoni, na ule wa katikati ya kitako.

Ratiba yenyewe, na hapa sasa unaweza kuwa mkali upendavyo:

Siku ya 1 hadi ya 3. Plastiki imefunika bakuli lote, imelegea. Kila siku ifungue, futa matone yaliyoganda ndani yake, ligeuze bakuli: leo mdomo juu, kesho mdomo chini. Likalie ubao wenye kitambaa au gazeti ili liteleze linaposinyaa. Likinata kwenye ubao laini, kitako kitapasuka.

Siku ya 4 hadi ya 6. Funika mdomo na nusu ya juu tu kwa ukanda wa plastiki. Kitako kipate hewa. Kama kuna kishikio, kifunge chenyewe kwa kipande cha plastiki, kwani ni chembamba na kitakimbilia kukauka.

Siku ya 7 na kuendelea. Ondoa plastiki. Weka bakuli juu ya rafu ya waya au vijiti viwili ili hewa ipite chini, mahali pasipo jua wala upepo.

Jumla ni siku 7 hadi 14. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi zinaweza kuzidi, na hakuna ulichokosea.

Usiweke juani. Usiweke mbele ya feni. Usitumie kikausha nywele. Usiweke ovenini kwa kuwa kesho ndiyo siku ya kupeleka kwa mchomaji. Mchomaji atakuwepo wiki ijayo pia.

Utajuaje limekauka? Rangi imepauka na kulingana kote. Ligusishe shavuni: likiwa baridi, bado lina maji yanayotoka. Na kipimo ambacho watu wa daftari watakifurahia: lipime kwa mizani kila siku, saa ileile. Bakuli lililoanza na gramu 400 litashuka hadi kati ya 300 na 320 hivi, pungufu zaidi kama ulikata na kuparuza. Uzito ukibaki uleule kwa siku mbili mfululizo, limekuwa kavu.

Kuanzia hapo ni tete kuliko wakati mwingine wowote. Lishike kwa mikono miwili kutoka chini. Usiliinue kwa mdomo hata mara moja.

### Likipasuka hapa

Usizibe. Kiraka cha udongo mbichi kwenye udongo mkavu kitasinyaa na kufunguka, na mara nyingi ufa utarudi mkubwa zaidi. Vunja bakuli vipande vidogo, hakikisha vimekauka kabisa, vitumbukize kwenye ndoo ya maji. Udongo mkavu kabisa humeguka na kuyeyuka wenyewe ndani ya saa chache; ulio nusu-mkavu hubaki mabonge kwa siku nyingi. Mwaga maji ya juu, tandaza tope kwenye kitambaa hadi liwe la kukandika, rudi Hatua ya 2. Kabla ya moto hakuna udongo unaopotea. Kwa mtu anayehesabu hasara, hii ni habari njema.

## Hatua ya 6: Usafi, ambao si suala la unadhifu tu

Vumbi la udongo lina silika, yale madini ya mchanga, na chembe zake laini zikivutwa mara kwa mara kwa muda mrefu huharibu mapafu bila kurekebishika. Kwa hiyo usifagie udongo mkavu, usikung'ute kitambaa ndani ya nyumba, usisugue bakuli kavu kwa msasa. Futa kwa sponji yenye maji. Kitambaa cha kazi kifue, aproni usiizungushe sebuleni. Kama lazima usawazishe doa kwenye bakuli kavu, tumia sponji iliyokamuliwa vizuri.

Maji ya tope usimwage kwenye sinki. Udongo hutuama kwenye bomba na kuganda. Yaache kwenye ndoo usiku mmoja. Asubuhi mwaga nje yale meupe ya juu, tope la chini lirudi kwenye udongo wa kurejeleza.

## Hatua ya 7: Moto wa kwanza na wa pili

Kuchoma si kazi yako, lakini ujue kinachotokea ili usimharakishe mchomaji.

Moto wa kwanza kwa kawaida huishia kati ya nyuzi 950 na 1,060. Hadi nyuzi 100 huenda polepole mno, wengine hushikilia hapo saa kadhaa ili unyevu wa mwisho utoke bila kulipuka. Kati ya 350 na 600 hivi hutoka maji mengine, yale yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Baada ya hapo chombo hakiwezi tena kurudi kuwa tope. Kwenye nyuzi 573 chembe za kwatsi, aina ya silika iliyomo kwenye udongo, hubadili umbo ghafla na kutanuka kidogo, na wakati wa kupoa hurudi. Ukipita hapo kwa pupa, chombo hupata ufa mwembamba kama unywele. Ndiyo maana tanuri likizimwa halifunguliwi hadi lipoe chini ya nyuzi 100, hata kama wewe unapiga simu kila baada ya saa mbili.

Likishatoka, lining'inize kwenye ncha ya kidole na uligonge kwa ukucha. Sauti ikilia kama kengele ndogo, liko zima. Ikiwa butu, pana ufa hata kama huuoni.

Bakuli sasa ni gumu lakini linakunywa maji. Ukiligusisha ulimi, ulimi unanata. Halifai bado kwa chakula chenye majimaji. Kwa matumizi hayo linahitaji glezi, ile rangi inayoyeyuka na kuwa kioo kwenye moto wa pili. Chagua iliyoandikwa kuwa salama kwa vyombo vya chakula, isiyo na risasi, na inayoendana na joto la udongo wako. Paka, kisha futa kabisa kitako pamoja na milimita 3 hadi 5 za juu yake. Glezi ikigusa rafu ya tanuri, bakuli na rafu huwa kitu kimoja, na aliyekufanyia hisani hatakufanyia tena.

Wako watakaotaka kuchoma kwa kuni kwenye shimo. Inawezekana, nje tu, mbali na nyumba na majani makavu, na chombo kikipashwa moto taratibu kwanza. Vyombo vya namna hiyo vina madoa mazuri ya moshi, lakini huvuja, na mabakuli kadhaa lazima yapasuke. Visiwe bakuli lako la kwanza.

## Hatua ya 8: Zuia burudani isigeuke kazi

Marafiki wataliona bakuli. Watasema "nitengenezee na mimi, yawe manne yanayofanana". Mtu mwenye kuwajibika husema ndiyo kabla sentensi haijaisha, na mwezi unaofuata ana oda, tarehe na mgongo unaouma. Mfinyanzi hulia gaeni kwa sababu vyungu vizima vyote vimekwenda kwa wengine. Walau kwa mabakuli kumi ya mwanzo, jibu liwe hapana, kwa upole. La kutoa zawadi utachagua mwenyewe baada ya kutoka motoni.

Bakuli la pili liwe lilelile: gramu 400, bila kishikio. Kubadilisha umbo kila mara hukunyima kujua ni nini kilichosababisha nini.

Na ukitaka kazi ya kuiridhisha ile sehemu yako inayopenda hesabu, tengeneza kipande bapa cha udongo, sentimita 14 kwa 3, unene wa penseli. Chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili ungali mbichi. Kikaushe pamoja na bakuli, kichomwe moto uleule. Pima mstari ukiwa mkavu, baada ya moto wa kwanza, na baada ya wa pili. Ukiishia sentimita 8.8, udongo wako husinyaa kwa asilimia 12. Siku utakayotaka kikombe chenye mdomo wa sentimita 9, gawanya 9 kwa 0.88, ukifinye kikiwa na sentimita 10.2. Kila aina mpya ya udongo utakayonunua, itengenezee kipande chake na ukibandikie jina.